Karo ya Chuo: Nani Apanga Bei, Nani Alipa?

MWANAIDI: Haya karibuni tena jamani, mnaotusikiza kwa simu, mlio kwa matatu, mlio jikoni. Leo twaongea karo ya chuo kikuu hapa kwetu Kenya, manake kila nikifungua wasapu kuna mzazi auliza mtoto wake amewekwa bendi gani na hiyo bendi yenyewe ni kitu gani. Niko na ndugu yangu Kazungu hapa.

KAZUNGU: Niko dada Mwanaidi. Na mimi naomba tuanze na ile karo ya shilingi 16,000.

MWANAIDI: Ile ya zamani.

KAZUNGU: Enhe. Wale vijana wadogo huenda hawajui hii kitu. Kuanzia katikati ya miaka ya 90 mpaka 2023, mwanafunzi aliyepelekwa chuo cha umma na serikali alikuwa analipa karo 16,000 kwa mwaka. Mwaka mzima. Asome ualimu, asome udaktari, ni hiyo hiyo. Unga ukapanda, mafuta yakapanda, nauli ya Kilifi Mombasa ikapanda, lakini hiyo 16,000 haikusonga karibu miaka 30. Na serikali ndiyo ilikuwa imeishikilia, manake mwanzoni mwa miaka hii ya 2020 wakuu wa vyuo waliomba ipandishwe ifike 48,000, wanafunzi wakawaka, serikali ikakataa.

MWANAIDI: Na mimi niseme mapema kabisa, hiyo sera naitetea. Hiyo ndiyo iliyotoa watoto wa wavuvi na watoto wa wagema huku kwetu wakawa walimu, wakawa manesi, wakawa mainjinia. Mzazi alikuwa ajua bei! Hilo ndilo jambo kubwa kwangu. Unajua mtoto akipata alama ataenda na karo ni kiasi fulani, basi unauza mbuzi, jamaa wanachanga, Helb ile bodi ya mikopo ya wanafunzi inakuja, mtoto aenda. Saa hii mzazi hajui bei mpaka barua itoke, na barua ikitoka ndio presha inapanda.

KAZUNGU: Kwa hilo sikupingi. Lakini kuna upande wa pili wa hiyo 16,000 ambao watu hawakuuona manake haukuandikwa kwenye barua ya mtoto. Serikali ikishikilia bei ya mzazi maana yake imesema yale mengine nitalipa mimi, si ndio? Sasa wakapiga hesabu, kila kozi ikawekewa gharama yake halisi, kumsomesha daktari mmoja ni hela ngapi kwa mwaka, mwalimu ni ngapi, injinia ni ngapi, serikali ikaahidi italeta asilimia 80 ya hiyo gharama. Ikaleta?

MWANAIDI: Haikuleta.

KAZUNGU: Ikawa inashuka kila mwaka mpaka ikawa hata nusu haifiki! Sasa we fikiria chuo, kupandisha karo hakiruhusiwi, pesa ya serikali haiji, wanafunzi ndio hao wanaongezwa kila Septemba. Kinafanya nini? Kinamkata mhadhiri kwenye payslipu pesa ya pensheni, pesa ya sacco, kodi, halafu hakipeleki. Mhadhiri anaenda sacco kuomba mkopo aambiwa hujachanga miezi kadhaa na pesa yake alikatwa. Ndio maana 2023 madeni ya vyuo vya umma yalikuwa yashapita bilioni 60. Kwa hivyo hiyo 16,000 ilikuwa inalipwa na mwanafunzi na mhadhiri, serikali ikasifiwa bure.

MWANAIDI: Lakini Kazungu kuna miaka vyuo vilikuwa na pesa hata wakajenga majumba, tusisahau. Wale wa paraleli, wa kujilipia wenyewe.

KAZUNGU: Asante kwa kunikumbusha. 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kuchukua wanafunzi wa kujilipia, kozi moja darasa moja mwalimu mmoja, lakini huyu analipa 16,000 na huyu jirani yake analipa mara kumi na zaidi. Vyuo vingine vyote vikafuata. Hiyo ndiyo pesa iliyokuwa inaziba pengo la serikali, vyuo vikafungua matawi kila mji, hata juu ya maduka kulikuwa na chuo kikuu. Halafu ikaja KCSE ya 2016, ule mtihani wa kidato cha 4.

MWANAIDI: Ya Matiang'i, aliyekuwa waziri wa elimu.

KAZUNGU: Hiyo hiyo. Wizi wa mitihani ukabanwa, waliopata C+ kwenda juu, hiyo ndiyo alama ya kuingia chuo kikuu, wakatoka kama 169,000 mwaka wa 2015 wakashuka mpaka 88,929. Serikali ikawabeba wote, wengine ikawapeleka hata vyuo vya kibinafsi. Sasa nani amebaki wa kujilipia? Hakuna. Ile hela ikakatika ghafla na ile ya serikali nayo haijaongezeka.

MWANAIDI: Haya, ndio tukaletewa huu mfumo mpya. Mei 2023 rais akautangaza na kundi la kwanza likawa wale waliofanya KCSE 2022. Waliowatangulia wakaendelea na 16,000 yao. Kwa hivyo Septemba hiyo wapata ndugu wawili chuo kimoja, mkubwa analipa 16,000 na mdogo wake ameletewa barua ina bei ya kozi nzima nzima, udaktari kwa vyuo vingine umeandikwa zaidi ya laki 6 kwa mwaka. Hebu tueleze hizi bendi polepole manake watu zawachanganya sana.

KAZUNGU: Bendi ni tano, mwanzo walianza na makundi manne ya uhitaji halafu 2024 wakazifanya tano. Kila kozi ina bei yake kamili. Hiyo bei inagawanywa mara tatu, kuna ufadhili wa serikali ambao haurudishwi, kuna mkopo wa Helb, na kuna mkono wa mzazi. Bendi ya 1 ndio wale wanyonge kabisa, ufadhili asilimia 70, mkopo 25, mzazi 5. Bendi ya 5 ndio wanaoonekana wanajiweza, ufadhili 30, mkopo 30, mzazi 40. Na juu ya hiyo kuna mkopo wa matumizi, 60,000 kwa bendi ya 1 ikishuka mpaka 40,000 kwa bendi ya 5.

MWANAIDI: Tupige hesabu basi. Kozi ya laki 2 kwa mwaka, iwe rahisi. Bendi ya 1 mzazi alipa 10,000. Kwa huyo sina neno, hata ni nafuu kuliko 16,000 ya zamani.

KAZUNGU: Na hilo lisemwe wazi, kuna watoto huu mfumo umewafaa.

MWANAIDI: Sawa. Sasa huyu wa bendi ya 5, mzazi 80,000 kwa mwaka, mkopo wa karo 60,000, mkopo wa matumizi 40,000. Miaka minne mzazi ametoa laki 3 na 20 na mtoto anatoka na deni la laki 4 kabla hujaweka riba ya asilimia 4! Mwaka mmoja baada ya kumaliza Helb wanamtaka aanze kulipa, akichelewa kuna faini ya 5,000 kila mwezi, na kazi yenyewe hajapata, yuko nyumbani Mtwapa anaendesha bodaboda ya mtu. Zamani mkopo wa Helb ulikuwa haupiti 60,000 kwa mwaka na ulikuwa wa karo na chakula vyote pamoja.

KAZUNGU: Na hapo hujauliza nani ameamua wewe ni bendi ya 5.

MWANAIDI: Nifikie hapo hapo. Mtoto anajaza fomu kwenye portali, maswali ya wazazi, ya ulemavu, ukubwa wa familia, umetoka sehemu gani, umesoma shule gani, halafu mashine inapiga hesabu inakupa bendi. Mimi nina mtoto wa binamu yangu, baba alifariki, mama auza viazi karai na maji ya matunda nje ya shule. Huyu mtoto alisomeshwa na mfadhili sekondari ya kulala, shule nzuri kwelikweli. Ikaonekana basi kwao kuna pesa, akatupwa bendi ya juu. Mfadhili mkataba wake ulikuwa kidato cha 4 tu! Mama akakaa chini akalia. Akaambiwa akate rufaa kwenye portali, akakata, masomo yakaanza jibu halijaja, na chuoni hakuna anayekungoja na rufaa yako, wao wataka ulipe usajiliwe. Hadithi kama hii nimeipata kwa wazazi wengi mno, watoto waliobebwa na wafadhili ndio walioumia sana.

KAZUNGU: Na ndio maana watu walienda kortini. Shirika la haki za binadamu la KHRC, kundi la Elimu Bora na wanafunzi wakashtaki, na tarehe 20 Desemba 2024 Jaji Chacha Mwita akasema mfumo unakiuka katiba, una ubaguzi na umma haukushirikishwa inavyotakikana. Watu wakashangilia Krismasi imefika mapema. 2025 serikali ikaenda Mahakama ya Rufaa na huo uamuzi ukasimamishwa kesi ikiendelea, kwa hivyo bendi zikabaki. Halafu mwaka huo huo wakatangaza karo za vyuo vya umma zinapunguzwa kuanzia Septemba.

MWANAIDI: Na hapo ndipo mimi nashika kichwa. Kama bei ilikuwa gharama halisi, imepungua vipi? Walimu wamepungua? Kemikali za maabara zimekuwa rahisi? Mimi nafurahi imepungua, usinielewe vibaya, nimefurahi kwa ajili ya kila mzazi. Lakini bei inayopandishwa kwa tangazo na kushushwa kwa tangazo, mzazi apangeje? Kesho kukija tangazo lingine?

KAZUNGU: Na chuo nacho kipangeje. Ukishusha bei lazima useme lile pengo nani atalilipa na lini. Afrika Kusini 2015 wanafunzi waliandamana, ile ya kusema karo lazima zishuke, rais wao Zuma akatangaza 2016 hakuna nyongeza hata senti moja, na serikali ikabidi iingie mfukoni kuwalipa vyuo sehemu kubwa ya kile walichokosa. Hata hivyo haikutosha, walikuja kuandamana tena. Lakini angalau hapo kulikuwa na mazungumzo ya pengo. Sisi tumeishi miaka 30 na pengo na hakuna aliyeulizwa.

MWANAIDI: Kuna kitu kingine hakiguswi na hizi bendi, hizi ada ndogo ndogo. Usajili, maktaba, matibabu, kitambulisho, mtihani, chama cha wanafunzi, intaneti, pesa ya tahadhari wanaosema utarudishiwa, ya kwenda fildi, mwisho kuna ya mahafali na joho. Kila moja ni kidogo, lakini zijumlishe. Na serikali inabishana na chuo kuhusu karo tu, hizi nyingine kila chuo chajipangia na mzazi hazijui mpaka siku ya kuripoti, ukiwa pale kwenye foleni na godoro lako.

KAZUNGU: Hizo ndizo za kwanza ningeweka kwenye sheria. Ada yoyote ambayo haikuwa kwenye barua ya kuitwa chuo isilipwe, basi. Na bei uliyoingia nayo ndiyo utamalizia nayo, wakitaka kupandisha wapandishie wanaokuja.

MWANAIDI: Na wa kibinafsi? Kuanzia hilo kundi la 2023 ukienda chuo cha kibinafsi hupati ufadhili, ni mkopo tu.

KAZUNGU: Hao kwangu mimi wajipangie bei zao lakini waitangaze mapema, sina vita nao. Vita yangu ni chuo cha umma. Na langu la kwanza hata kabla ya bei, ni tarehe. Waziri akiandika kozi hii ni laki 2 na serikali inatoa laki moja, hiyo laki moja iwe imeingia kwa akaunti ya chuo kabla semista haijafunguliwa, na iwe ni sheria, mtu aweze kushtakiwa. Manake sasa hivi pesa ikichelewa anayeadhibiwa ni mtoto. Mtihani ni Jumatatu, portali inasema una salio, ile salio ukiitazama ni hela ya Helb na ya ufadhili, mzazi sehemu yake alishalipa! Na anazuiwa kuingia kwenye chumba cha mtihani. Hiyo inaniuma, Mwanaidi, inaniuma sana. Wewe mwenyewe ndio umeweka bei, wewe ndio umesema utalipa, hujalipa, halafu mtoto wa mtu anakaa nje.

MWANAIDI: Hapo nimekubaliana na wewe mia kwa mia. Kabla nilikuwa nasema turudishe 16,000 tu, lakini ukweli 16,000 bila serikali kuleta yake ni kurudi kule kule kwa mhadhiri anayedai pensheni. Mimi bado nataka bei moja ijulikane, iwe ndogo, mtoto wa gredi ya 9 aweze kutajiwa. Ila na hiyo tarehe yako iwe hapo.

KAZUNGU: Na bendi?

MWANAIDI: Bendi ziende. Umaskini wa mtu hauwezi kujulikana na mashine iliyo Nairobi. Wakitaka kujua nani hana, wamuulize chifu, wamuulize mwalimu mkuu, wamuulize mzee wa mtaa, watu wanaojua ile nyumba inapika saa ngapi.

KAZUNGU: Chifu naye anaweza kumweka mtoto wa shemeji yake, tumeona kwenye basari za wadi. Mimi mashine ningeiacha, lakini rufaa isikizwe na watu, wako hapa hapa kaunti, mzazi aende na karatasi zake apate jibu kabla ya kuripoti.

MWANAIDI: Hapo tutabishana mpaka kesho, tuwaachie wasikilizaji. Lakini wazazi mlio na watoto wa kuingia mwaka huu nisikizeni, barua ya bendi ikitoka msikae nayo ndani mkilaumiana. Kateni rufaa kwenye portali ya HEF, ile ile ya kuomba ufadhili na mkopo, siku hiyo hiyo, piga picha kila ukurasa. Kama kuna cheti cha kifo weka, kama mfadhili alikuwa wa sekondari tu mwambie aandike barua aseme aliishia wapi. Na muulizeni mbunge wenu akija kwa harambee, muulizeni pesa za chuo za semista hii zimetumwa lini na ngapi, anaweza kuuliza bungeni na ajibiwe kwa maandishi.

KAZUNGU: Na nyinyi wanafunzi tutumieni orodha ya zile ada ndogo ndogo za vyuo vyenu, picha tu inatosha, futeni jina na nambari ya usajili. Kipindi kijacho tunaziweka pamoja chuo kwa chuo, tuone nani anatoza nini.