Manamba, mpingo na jiji: wachongaji waliovuka Ruvuma

ZAINABU: Karibuni. Mimi ni Zainabu, niko na kaka Salehe hapa Ngamiani, Tanga. Leo ni zamu ya wageni waliofika mjini kutafuta kibarua, wakaiachia nchi sanaa ambayo dunia inaiita ya Tanzania. Tunaanza na wachongaji wa Kimakonde wa Dar es Salaam.

SALEHE: Na njia yao imepita hapa hapa kwetu, dada Zainabu. Wamakonde wengi walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji kuja kukata mkonge. Ndio hao manamba. Hata Edward Saidi Tingatinga, wa kutoka Tunduru, alifanya kazi kwenye mkonge wa Tanga kabla ya kwenda Dar es Salaam, ambako mwaka 1968 alianza kuchora.

ZAINABU: Tingatinga tutamrudia. Kwanza mpingo, maana wengi hudhani Wamakonde wameuchonga mpingo tangu enzi za mababu. Kinyago cha mapiko, kile cha ngoma, huvaliwa kichwani kizima kama kofia. Ukikichonga kwa mpingo, mchezaji ataweza kucheza na mzigo ule? Wao hutumia mti mwepesi, kama msufi pori.

SALEHE: Mpingo ulishamiri kwa ajili ya soko la mjini. Mnunuzi alitaka kitu cheusi, kizito, kinachong'aa. Miaka ya 1950 Dar es Salaam alikuwepo mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyekuwa akinunua kazi zao na kuwahimiza wabuni. Mtindo wa shetani, wenye viungo vilivyopinda na jicho moja pengine, wengi humtaja Samaki Likankoa, mzaliwa wa Msumbiji, kuwa mwanzilishi wake. Kwa hiyo hapo una mchongaji mhamiaji, mnunuzi wa Kihindi na mti wa pori letu. Ukimwondoa mmoja, mtindo ule hauzaliwi.

ZAINABU: Halafu dimoongo, watu waliopandana kwenye gogo moja. Huo hutajwa kwa Roberto Yakobo Sangwani, na enzi za siasa ya Ujamaa ukachukua jina hilo. Kaka Salehe, hebu waeleze wasikilizaji hicho kilichopo mezani.

SALEHE: Ni ujamaa wa sentimita 45 hivi. Juu kuna mzee, chini yake watu tisa, kila mmoja amemkanyaga mwenzake begani. Kati yao pako wazi, kidole kinapita hadi upande wa pili. Hakuna kilichounganishwa kwa gundi, chote ni kipande kimoja. Na chini, kwenye kitako, umebaki mstari mweupe wa njano njano. Hiyo ndiyo sehemu ya nje ya mti, iliyo chini ya gome. Mchongaji ameiacha makusudi, inaonyesha weusi wa ndani ni wa kuzaliwa.

ZAINABU: Hapo pa kukazia. Mti mwepesi uliopakwa kiwi unafanana na mpingo kwa macho tu. Kwangua kidogo chini ya kitako kwa ncha ya kisu: ukiona weupe chini ya weusi, umepakwa. Kipande kidogo cha mpingo kitie kwenye ndoo ya maji, kitazama. Gogo la kiini kitupu, yaani sehemu nyeusi ya ndani, lenye urefu wa mita moja na kipenyo cha sentimita 30 linakaribia kilo 85.

SALEHE: Na gogo nono namna hiyo ni la bahati. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia ukubwa wa kuvunwa, tena mara nyingi umepinda au una uwazi ndani. Ndiyo maana mchongaji huligeuza gogo muda mrefu kabla ya kugusa tezo. Anatafuta ufa, anatafuta mahali kiini kinapopita.

ZAINABU: Ufa ndio adui. Ueleze vizuri.

SALEHE: Maji hutoka kwenye ncha za gogo upesi kuliko ubavuni. Ncha zinasinyaa, katikati bado pamejaa, basi mti unapasuka. Kwa hiyo siku ile ile ya kukata, paka nta au rangi nzito ncha zote mbili. Weka gogo kivulini, limeinuliwa kutoka ardhini. Kazi huanza kwa shoka na tezo kutoa umbo, kisha patasi na nyundo ya mti, kisha tupa, mwisho msasa: anza namba 120, nenda 240, malizia 400. Jioni kazi ambayo haijaisha ifunike kwa gunia lenye unyevu kidogo. Ukiiacha kwenye jua la saa nane, asubuhi utakuta ufa.

ZAINABU: Na mikono ya sanamu?

SALEHE: Nyuzi za mti hupanda juu. Mkono ulionyooshwa pembeni unakata nyuzi, ukiuchonga mwembamba unavunjika kwa pigo moja. Ndiyo maana kwenye ujamaa mikono mingi imeshuka au imeshika mwili wa jirani. Kanuni ya mti imekuwa sura ya sanaa. Mimi hilo napenda kuliko yote.

ZAINABU: Vumbi lake pia linawasha ngozi na kubana kifua. Kuvaa barakoa si anasa.

SALEHE: Mnunuzi naye asiweke sanamu mbele ya kiyoyozi. Hewa ile kavu hupasua hata kazi ya zamani. Futa kwa kitambaa kikavu, paka nta nyembamba mara mbili kwa mwaka. Anayepeleka nje ya nchi ajue mpingo uko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu 2017. Kazi zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa mzigo zimesamehewa, lakini pita ofisi ya misitu uulize kabla ya safari.

ZAINABU: Sasa mtindo wa kuchora wa Tingatinga, kwa kifupi: ubao wa dari, sentimita 60 kwa 60, na rangi ya mafuta ya kung'aa. Kosa kubwa ni kupaka nukta juu ya rangi ya chini ambayo haijakauka. Inakunjamana kama ngozi ya maziwa.

SALEHE: Na anayeandaa maonyesho hapa Tanga asiandike "kinyago cha Kimakonde" akaishia hapo.

ZAINABU: Kadi iwe na jina kamili la mchongaji, kijiji alikozaliwa, hata kama ni ng'ambo ya Ruvuma, mji alikochongea, mwaka, na aina ya mti. Mistari mitano. Kama jina halijulikani, geuza sanamu kwanza utazame chini ya kitako, wengine huchonga jina lao hapo.