Kabla ya Super Bowl, Alipita Hapa Bijlmer

Haya ndugu zangu, karibuni tena. Leo nimesimama Amsterdam, mtaa wa Bijlmer, na huo hapo nyuma yangu ni uwanja wa Johan Cruijff ArenA. Mnaujua kwa Ajax. Mimi leo nina habari ya Mmarekani aliyecheza humo mwaka 1998, Kurt Warner. Mchezo wake ni ile futiboli ya Kimarekani, ya helmeti na mpira wenye umbo la yai, na yeye alikuwa kwotabeki, yule anayepewa mpira na kuamua amrushie nani.

Mwaka 1994 Green Bay Packers, timu ya NFL, ile ligi kuu ya Marekani, walimchukua kwa majaribio, wakamwacha kabla msimu haujaanza. Akarudi Iowa, akapata kazi ya usiku supamaketi, mji wa Cedar Falls. Kupanga bidhaa kwenye rafu, dola 5.50 kwa saa.

Kazi hiyo naijua kwa mikono yangu, ndiyo ninayoifanya hapa. Unapasua boksi kwa kisu kidogo, maziwa ya zamani unayavuta mbele, mapya unayasukuma nyuma, kila pakiti unaigeuza uso wake umtazame mteja. Ikifika saa tisa usiku vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya friji, na mzigo mwingine uko mlangoni haujafunguliwa. Kwa hiyo nikisikia mtu alifanya hivyo huku moyoni anajijua ni mchezaji, naelewa alikuwa amebeba nini.

Kuanzia 1995 akacheza misimu mitatu na Iowa Barnstormers, ligi ya ndani ya ukumbi. Kiwanja ni yadi 50 tu, nusu ya kile cha kawaida, ukichelewa kuurusha mpira umeshaangushwa. Mwaka 1997 Chicago Bears wakataka kumjaribu. Akaenda fungate na mkewe, buibui akamuuma kwenye kiwiko, tena cha mkono wa kurushia. Mkono ukavimba, nafasi ikapita. Hebu fikirieni, buibui!

Mwishowe St. Louis Rams wakamsajili na kumtuma huku, timu ya Amsterdam Admirals, katika ligi ya NFL Europe. Hapa nisikilizeni vizuri. Kwetu mtu akisema anakwenda Ulaya, mtaa mzima unajua amefika. Kwa mchezaji wa Kimarekani ilikuwa kinyume. Ulaya ndiko walikotumwa wale ambao timu za kwao zilikuwa bado hazijawaamini. Timu sita, mechi kumi, msimu wa machipuko, basi.

Kurt akarusha mpira hapa kwa jumla ya yadi 2,101 na pasi 15 za tachdauni, yaani zilizoishia kwenye kufunga. Ligi nzima hakuna aliyemfikia, kwa yadi wala kwa tachdauni. Akarudi Marekani na rekodi hiyo, wakamweka kwotabeki wa tatu! Mwanzoni mwa 1999 Rams wakamwacha kwenye orodha ya wachezaji ambao timu mpya ya Cleveland ingeweza kuwachukua bure. Cleveland hawakumtaka.

Agosti hiyohiyo kwotabeki wa kwanza, Trent Green, akaumia goti. Kurt akaingia. Yaliyofuata mtayakuta popote: tachdauni 41, mchezaji bora wa NFL, na tarehe 30 Januari 2000 akachukua Super Bowl, fainali ya NFL, akirusha yadi 414.

Na kuna hili ninalolipenda sana. Februari 2002 alifika tena fainali, na aliyemnyima kombe kwa teke la sekunde ya mwisho ni Adam Vinatieri wa New England. Huyo naye mwaka 1996 alikuwa mpigaji wa hawahawa Amsterdam Admirals. Wote wawili wamepita mji huu!

Kinachoniuma ni namna watu wanavyosimulia. Alikuwa anapanga bidhaa, akawa bingwa. Hapana jamani. Kuna miaka mitano hapo katikati, kuna ukumbi wa Iowa, kuna buibui, kuna mwezi wa Aprili na Mei hapa Bijlmer, mbali na mke na watoto, anacheza ligi ambayo hata kwao wengi hawakuitazama, na ambayo ilifungwa 2007. Miaka hiyo ndiyo alikuwa anautengeneza ule mkono.

Mdogo wangu mmoja ameniandikia wiki hii: "Kaka, mwaka wa nne huo, mbona hata kiwanja hujanunua?" Sijakasirika, mdogo wangu. Asubuhi nasoma Kiholanzi, jioni nasoma ufundi umeme, usiku nipo kwenye rafu. Mtihani wangu ni Juni. Sikuwahi kukuambia kwa sababu nilitaka nikuonyeshe cheti kwanza, nikaona aibu kutaja kitu ambacho hakijaiva. Sasa umejua.

Saa nne kasoro robo hii, shifti inaanza. Nikitoka asubuhi nitakupigia, usizime simu.