Safari ya mbege na mtori: jinsi ya kupanga siku tatu Moshi, Marangu na Rombo

Habari zenu, na karibuni sana. Leo tunapanga safari ya gari kuzunguka upande wa mashariki wa Kilimanjaro, na kinachotuongoza ni pipa la mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachagga, na sufuria ya mtori, ndizi zilizopondwa na nyama. Mlima tutauona tukijaliwa. Ukiamka alfajiri una bahati zaidi, maana mchana mawingu huwa yanaufunika.

Chukua kalamu. Hatua ya kwanza ni simu, ramani itakuja baadaye. Tafuta mwenyeji wa Marangu au Mwika, ndugu wa rafiki, mtu mliyesoma naye, hata mwenye nyumba ya wageni utakayolala, umuulize swali moja: mama anayepika mbege nzuri hapo kwenu anachanganya siku gani? Bia ya chupa unaikuta siku yoyote. Mbege haimsubiri mgeni. Mimi mara ya kwanza nilifika Jumanne, nikazunguka vilabu vitatu, na iliyobaki ilikuwa ya Jumamosi, imechacha mpaka inakereketa koo. Niliumia kweli, nilikuwa nimetoka mbali.

Ili uelewe kwa nini siku ina uzito hivyo, twende jikoni. Nasogeza kamera. Hizi ni ndizi mbivu zilizochemshwa kwa saa nyingi mpaka zikawa na rangi ya udongo mwekundu, kisha zikafunikwa zichachuke kwa siku kadhaa. Wenyewe wanaita nyalu. Nyamazeni kidogo msikilize... mnasikia? Inatokota na hakuna moto chini. Huku pembeni kuna mso, uji wa ulezi. Ulezi umelowekwa, ukaota, ukaanikwa juani, ukasagwa, hicho ndicho kimera; kisha ukapikwa na kuachwa upoe. Na hili gome analolishika mama ni la msesewe. Ndilo linaloleta uchungu, kama hopsi kwenye bia ya kiwandani. Weka kidogo tu, likizidi umeharibu pipa zima.

Sasa anachuja nyalu, maji yake yanashuka juu ya mso, anakoroga kwa mwiko mrefu bila haraka. Hapo ndipo saa inaanza kuhesabu. Ikiwa changa ni tamu, karibu na togwa. Ikilala usiku mmoja inapata nguvu na uchachu unaokaa sawa na utamu wa ndizi. Hiyo ndiyo ninayoisafiria. Baada ya hapo uchachu unazidi kila saa.

Kwa hiyo panga kwa kurudi nyuma. Mama akisema anachanganya Ijumaa, wewe Jumamosi mchana uwe mbele ya pipa. Ijumaa unalala Moshi, Jumamosi Marangu, Jumapili unapanda Rombo.

Hatua ya pili, dereva. Mchague kabla ya kuwasha gari, na yeye hanywi mbege kabisa, hata kata moja ya kuonja. Barabara ya kupanda Marangu ina kona, watoto na ng'ombe. Mnunulie kahawa Moshi, mji wa kahawa tangu enzi za KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa mwaka 1933, na mwisho wa safari mbebeeni kidumu chake anywe nyumbani.

Hatua ya tatu, chakula kitangulie. Jumamosi asubuhi, kabla hujatoka Moshi, kula mtori. Angalia bakuli hili: ndizi mchare mbichi zimechemshwa na nyama yenye mfupa, nyama ikatolewa, ndizi zikapondwa kwa mwiko mpaka zikawa laini, kisha nyama ikarudishwa. Mtori mzuri unashikilia kijiko kidogo, haumwagiki kama supu na haugandi kama ugali. Kwa Wachagga ni chakula cha mzazi aliyejifungua, na ukiula utajua kwa nini.

Marangu ni karibu kilomita 40 kutoka Moshi. Unafuata barabara ya Taveta hadi Himo, unakata kushoto kupanda. Fika mapema, tembea kidogo maporomoko ya Kinukamori njaa irudi, kisha agiza machalari, ndizi zilizopikwa na nyama kwenye mchuzi. Ukisikia kiburu, ni ndizi na maharage, kitamu kuliko kinavyoonekana. Kisusio ni supu inayotiwa damu; kama dini yako hairuhusu, uliza kabla sahani haijafika, hakuna atakayekasirika.

Kilabuni, salimia wazee kwanza. Shikamoo yako itangulie kamera, na usimpige mtu picha bila kuomba. Ukipewa kata, ikoroge kwanza, maana ulezi unatulia chini na ukinywa juu juu unapata nusu ya mbege. Unapopokea kutoka kwa mama, sema "aika mae". Atacheka na kukuongezea. Na mtu akikuletea gongo kwenye chupa, kataa. Ile imekenekwa kienyeji, ni haramu kisheria, na imewaua watu na kuwapofusha wengine. Mbege inachachushwa tu.

Jumapili pandeni Mwika, mpite Mkuu hadi Tarakea, lami tupu, migomba kushoto na kulia. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Machi hadi Mei mvua ni nyingi. Desemba nayo Wachagga wote wanarudi nyumbani, mbege inatiririka, lakini vyumba vinajaa na nauli zinapanda, kwa hiyo weka nafasi miezi miwili kabla. Beba na noti ndogo ndogo, kilabuni chenji ni shida.

La mwisho ni kidumu cha kurudi nacho. Kijaze robo tatu, kifuniko ukilegeze, kiwekwe wima sakafuni nyuma ya kiti. Mbege bado inachachuka njiani. Ukikaza, kidumu kinavimba na kitakupasukia ndani ya gari. Kila mkisimama, fungua kidogo itoe pumzi. Mkifika, inywewe jioni hiyo hiyo.