Neno "Usafiri" Lilivyotutesa Miaka Miwili

(Mhadhara kwa viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, Nyakato, Mwanza)

Mwangaluka! Naam, hiyo ni sauti ya watu waliokwisha kunywa chai. Mama zangu, ndugu zangu, vijana wa matawi mapya, asanteni kwa kunialika. Mwenyekiti amenitambulisha kuwa mtaalamu wa mikataba ya hali bora, yaani ile mikataba ya pamoja kati ya chama na mwajiri. Amenipamba tu. Nilikuwa katibu wa tawi katika kiwanda kimoja cha minofu ya samaki hapa hapa ziwani, na kilichonileta mbele yenu leo ni sentensi moja niliyoitia saini kwa mkono wangu mwenyewe.

Ilisema hivi: "Usafiri utatolewa kwa wafanyakazi wa zamu ya usiku." Basi. Siku tuliyoipata tulipigiana makofi, maana tulikuwa tumeigombania vikao vitatu.

Wiki ya pili nikaenda kiwandani alfajiri. Nakuta akina mama wanne getini wamekaa juu ya makreti, wamejifunika khanga mpaka masikioni, gambuti zao ziko kwenye mifuko ya sandarusi. Ule upepo wa ziwani wa saa kumi usiku mnaujua. Nikauliza kulikoni. Sangara waliisha saa tisa, mama mmoja akanijibu, tukaambiwa tutoke. Na gari? Gari saa kumi na mbili. Na kweli lilikuwepo, limeegeshwa chini ya mwarobaini, dereva kalala ndani. Wa Igoma na wa Buhongwa walikuwa na hiari mbili: kutembea gizani au kungoja kuche.

Kulipopambazuka nikaingia kwa meneja na nakala yangu mkononi, nimevimba. Hakubisha. Aliweka kidole kwenye ule mstari, akanisomea taratibu, kisha akachungulia dirishani: "Katibu, usafiri si ule pale?" Nilitamani sakafu ipasuke. Alikuwa sahihi. Hatukuandika saa, hatukuandika gari litamfikisha mtu wapi, wala hatukuandika nini kitatokea zamu ikiisha mapema. Na mkataba wenyewe tulikuwa tumeufunga kwa miaka miwili.

Mkataba wa pamoja si karatasi ya nia njema. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inasema ukishaandikwa na kusainiwa unafunga tangu saini ya mwisho inapowekwa. Unamfunga mwajiri, unakufunga wewe na wanachama wako, na kama chama chako ndicho kinachotambuliwa kuwa wakala pekee wa majadiliano, unamfunga hata yule jamaa aliyekataa kujaza fomu ya uanachama. Nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Sasa wewe peleka huko sentensi yenye tundu, uone nani atakayepita kwenye hilo tundu kwanza.

Wapo watakaosema: kwa nini tuhangaike, si serikali inatangaza kima cha chini? Sawa. Amri ya mishahara iliyoanza Julai 2013 iliweka shilingi 115,000 kwa mwezi kwa viwanda na biashara. Amri iliyofuata, iliyotufikisha 150,000, ilianza Januari 2023. Hesabuni wenyewe: miaka tisa na nusu. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alishafika darasa la tatu, na sukari haikumngoja. Tawi lililokuwa na mkataba mzuri lilikaa mezani mara nne au tano katika muda huo, na tawi lisilo na mkataba lilisikiliza redio.

Tuje kwenye posho, maana hapa ndipo tunapoibiwa tukiwa tunacheka.

Mwajiri anakuja na ofa mbili. Ya kwanza, posho ya mahudhurio 40,000 kwa mwezi. Ya pili, 30,000 ndani ya mshahara wa msingi. Ukiwauliza watu kwa kunyoosha mikono, ukumbi mzima utataka 40,000. Toeni kalamu. Wiki ya kawaida kisheria ni saa 45, na mwezi unahesabiwa wiki 4.333, kwa hiyo ni saa 195. Gawanya 30,000 kwa 195, unapata kama shilingi 154 kwa saa. Ovataimu hulipwa moja na nusu ya mshahara wa msingi, hivyo kila saa ya ovataimu imeongezeka shilingi 231. Kikomo cha ovataimu ni saa 50 kwa wiki nne, na msimu wa samaki wengi watu wa minofu wanakifikia. Hiyo peke yake ni kama 11,500. Jumlisha na zile 30,000: umeshaipita posho, na hatujagusa nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa ya usiku, kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, wala sikukuu inayolipwa mara mbili. Kiinua mgongo nacho, siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10, kinatoka kwenye mshahara wa msingi. Posho haimo.

Sitawaficha upande wa pili. Karani asiyefanya ovataimu atapoteza 10,000 kila mwezi kwa ofa ya msingi, na atakununia. Mwelezeni kabla hamjasaini, asije akaambiwa na meneja. Ila hata yeye mwambieni neno "mahudhurio" lina maana gani. Mwenzetu mmoja alimpeleka mtoto hospitali, homa imepanda usiku, akakosa zamu moja. Mwisho wa mwezi slipu yake ikaja bila ile posho, yote, siyo ya siku moja. Mshahara wa msingi hauwezi kufanyiwa mchezo huo.

Mnakuwa wakali kwenye msingi, sasa mwajiri anawaambia hali ya biashara ni mbaya. Huenda ni kweli. Sangara wamepungua, anayebisha aende soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi akaangalie ukubwa wa samaki. Sisi wa zamani tunakumbuka Ulaya ilipofunga soko mwishoni mwa miaka ya tisini, viwanda vikanyamaza. Lakini "hali mbaya" ni hesabu, na hesabu huonyeshwa. Sheria inakupa haki ya kudai taarifa zinazohusika na majadiliano, na inawataka nyote wawili mjadiliane kwa nia njema. Ziombeni kwa barua, mapema, siyo kikaoni huku mmekunja sura. Kuna mwaka tuliomba, tukaonyeshwa, tukakuta hali ni mbaya kweli. Tukakubali nyongeza ndogo na badala yake tukapata kifungu ambacho mpaka leo naona kilikuwa na thamani kuliko asilimia yoyote: mfanyakazi akiitwa zamu akafika, analipwa ujira wa saa nne za kazi hata kama boti hazijaleta samaki. Kabla ya hapo watu walikuwa wanakaa kwenye benchi toka saa moja mpaka saa sita mchana wakingoja sangara, kisha wanaambiwa rudini kesho, na nauli imeshatoka mfukoni. Cha ajabu, baada ya kifungu kile msimamizi alijifunza kupiga simu mwaloni kabla ya kuita watu.

Ule mstari wa usafiri nao tuliuandika upya ulipofika wakati wake. Uliongezeka kutoka mstari mmoja hadi sita: gari litakuwa getini ndani ya dakika 30 tangu zamu kuisha, saa yoyote itakayoisha, litapita vituo vilivyotajwa kwa majina, lisipokuja, mwajiri atarudisha nauli ya bodaboda siku inayofuata. Meneja yule yule alitabasamu akasema, "Katibu, siku hizi unaandika kama wakili." Nikamwambia ada ya shule nililipa kwake.

La mwisho kwa vijana wa matawi mapya. Huwezi kumlazimisha mwajiri kukaa mezani kama huna wengi kati ya wafanyakazi wa kundi mnalojadiliana kwa niaba yao. Ukiwa na wengi, unampa taarifa, naye ana siku 30 za kukutana nanyi. Akigoma, unakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na ikishindikana huko, Mahakama ya Kazi. Tatizo letu huku ziwani ni kwamba matawi yanahesabu wenye barua za ajira tu, yanawaacha vibarua wa kukata minofu na wa kupakia, halafu yanashangaa wingi hautimii. Sheria ya Taasisi za Kazi inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, hata kama alifanya kazi kwa wastani wa saa 45 tu kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Siyo kwa wiki, kwa mwezi! Kibarua gani wa msimu hafikishi hizo? Daftari la getini, anakoandika jina lake kila asubuhi, ni ushahidi. Lipigeni picha kabla halijajaa na kutupwa.

Naona kule nyuma kuna mama amenyoosha mkono tangu nilipotaja vibarua. Mpeni kipaza sauti. Karibu, mama, na utuambie kwanza unalipwa kwa kilo au kwa siku.