Santuri Sizirudishi, na Msinikasirikie

Asalaam aleikum wapenzi wangu, hamjambo huko mliko. Leo siko Leicester, huko Uingereza ninakoishi. Niko Mombasa, Kibokoni, ghorofani kwa mamangu, na huo mchakacho mnaousikia nyuma yangu si santuri, ni mvua juu ya mabati. Mvua ya mwaka, yaani masika, imeanza kazi tangu juzi. Dirisha nimelifunga, kwa hivyo mkiniona natiririkwa na jasho msidhani naumwa. Nimeshaugua vya kutosha, na hilo nitalifikia.

Nimekaa hapa kwa swali moja, juu ya santuri za kale ninazozikusanya. Kila video nikiweka, hata ikiwa ya mapishi, haipiti saa nzima kabla mtu hajaliandika: "Dada, santuri hizo ni za Mombasa, mbona umezificha Uingereza?" Huyo ndiye mwenye adabu. Wengine wananiita mwizi. Mmoja aliandika kwamba nimekuwa mzungu mweusi nakusanya vitu vya watu kama wao. Nilimjibu, kisha nikafuta, kisha nikajilaumu kwa nini nimefuta.

Na najua nitakachoambiwa leo. Nikitaja bei, najigamba. Nikitaja baridi, nalalamika, na mtaniambia si urudi basi. Haya, nitataja vyote viwili.

Zaidi ya miaka kumi sasa nafanya video. Ya kwanza niliirekodi 2014, wiki aliyofariki Juma Bhalo, mwimbaji wetu wa taarab, Mungu amrehemu. Nilikuwa nimetoka kazini usiku, kwenye nyumba ya wazee, sare bado mwilini. Nikaweka santuri yake kwenye kinanda cha kupigia santuri, simu nikaiegemeza kwenye kopo la maziwa, nikasema maneno mawili matatu nikalia. Watu mia tatu hivi waliitazama, nusu yao jamaa zangu. Mjomba wangu alipiga simu kuniuliza kwa nini namlilia mwanamume asiye ndugu yangu mbele ya watu. Hilo sijalisahau, na mjomba kama unanitazama, sijalisamehe pia.

Sasa hizi santuri. Usiniambie nimezitorosha, kwa sababu zilikuwa wasafiri kabla mimi sijazaliwa. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Unguja, alivuka bahari mpaka Bombay 1928 kurekodi, ndipo sahani zikaletwa pwani yetu kuuzwa. Hata ule utomvu uliotengenezea santuri za 78, zile za kale zinazozunguka mara 78 kwa dakika, unatoka kwa kijidudu cha miti ya huko India. Na za kwangu nyingi nimezikuta Leicester hukohuko, kwa Wahindi wetu. Mnajua walivyoondoka Kenya wengi 1967 na 1968, wakiwahi kabla Uingereza haijafunga mlango, na wa Uganda wakafuata 1972, Idi Amin alipowafukuza. Waliondoka na masufuria, na picha za harusi, na santuri.

Bibi mmoja wa Kihindi, karibu na Belgrave Road, alinifungulia mlango nikamwamkia kwa Kiswahili. Akanishika mkono hakuuachia mpaka nimeketi. Kiswahili chake kimesimama 1968 palepale. Ananiuliza kama soko la Makupa bado lina kelele. Chini ya kitanda alikuwa na sanduku la mbao, ndani sahani 43. Mumewe alizibeba, yeye alitaka abebe cherehani, na mpaka mume amekufa hawajapatana juu ya jambo hilo. Aliniuzia zote kwa pauni 60 na sharti moja, nimletee nakala asikilize. Nilimpelekea. Sasa niambieni hapo nimemwibia nani.

Si zote za bei hiyo. Kuna santuri ndogo moja, ya 45, lebo ya Mzuri, ile ya duka la santuri la Assanand, la hapahapa Mombasa. Nililipa pauni 38. Kwa mtu mwingine ambaye hata neno moja la wimbo halijui. Mamangu aliponiuliza bei nilimwambia pauni nane, na hizo nane akaniuliza kama nimerogwa. Mama haangalii video zangu, alhamdulillahi.

Basi turudi kwenye swali. Niliwahi kuzirudisha. Hili sijawahi kuwaambia kwa sababu ya aibu.

Desemba 2017 nilikuja na santuri 60 kwenye mzigo. Santuri ya 78 moja hukaribia robo kilo, mzigo wangu wa ndege ulikuwa kilo 23, nguo zangu zikabaki za kuazima kwa dada. Ilikuwa kaskazi, mbingu safi, upepo mzuri. Nikaona hapa ndipo kwao. Nikazipanga kwenye kabati, hiihii hapa nyuma yangu, nimeiegemeza ukutani, nikamwambia Mama asimruhusu mtu kugusa. Na kweli hakuna aliyegusa. Hilo ndilo lililoziua.

Nyumba hizi za Mji wa Kale tunazisifu, lakini ukuta wake ni mawe ya matumbawe na chokaa, unanyonya maji kama mkate kwenye chai. Wakati wa kaskazi hujui. Ukija mwaka, ukiweka kiganja ukutani unahisi. Unyevu wa Mombasa mara nyingi unapita asilimia 70, na santuri inataka usizidi nusu. Nilipofungua kabati 2019, kwanza ilinijia harufu. Jaketi za karatasi zimegandana, mende wametafuna penye gundi. Nikavuta moja taratibu, karatasi ikabaki na lebo, santuri ikatoka uchi, huwezi kujua ni ya nani. Kwenye mistari koga nyeupe imetambaa, laini kama pamba ya msufi. Nilikohoa siku tatu. Na juu ya zile nilizozilaza chini, Mama aliweka sanduku lake la leso, masikini, akidhani anazilinda. Zimepinda kama chapati.

Katika 60 niliokoa 22. Zingekuwa 23, lakini moja niliiua mwenyewe. Sikilizeni hili wenye santuri za baba zenu. Za plastiki ukiziosha kwa maji safi na tone la sabuni ya vyombo, ukakwepa lebo, zinapona. Mimi nikajifanya daktari, nikachukua spiriti ya dukani, nikaipangusa 78. Pamba ya kwanza ikatoka nyeusi, nikafurahi, nikasema uchafu huo. Ya pili nyeusi. Ya tatu nikaangalia vizuri: siyo uchafu, ni santuri yenyewe inayeyuka! Spiriti inaula ule utomvu. Sahani imedumu zaidi ya miaka 60, nikaimaliza kwa dakika mbili.

Safari ile ya 2017 ndiyo iliyoniletea ugonjwa pia. Mnakumbuka chikungunya ilivyoingia Mombasa, mwisho wa 2017 mpaka 2018. Jina lenyewe ni la Kimakonde, maana yake kupinda, kwa sababu ugonjwa huu ulitambuliwa kwanza upande wa Newala, kusini mwa Tanzania, 1952. Mbu wake anauma mchana, chandarua cha usiku hakikusaidii kitu. Na anazaliana kwenye maji masafi tuliyoyaweka: mapipa, mitungi, madumu. Mfereji hautoi maji siku nne, utaacha kuweka maji? Kwa hivyo tunamfuga wenyewe bila kupenda. Hata sasa, hapo chini pana mapipa matatu, moja halina mfuniko. Nimesema tangu Jumapili.

Nilirudi Leicester na homa, na baridi ya Januari ikanipokea. Daktari wa kwanza alinitaka nimwandikie jina la ugonjwa. Homa iliisha wiki moja, viungo havikuisha. Asubuhi nilikuwa nashuka ngazi kwa makalio, kinyumenyume, kama mtoto. Vidole vilivimba. Wale wazee ninaowatunza wakawa wananifungulia chupa za dawa zao. Na kinanda sikiwezi. Kuishusha sindano juu ya santuri ni kazi ya vidole viwili, inataka mkono mwepesi. Wangu unatetemeka, sindano inaruka inakwaruza. Nilikaa miezi saba bila video. Mnajua mlichoandika? "Amepata pesa ametusahau." Miezi saba, pesa ya likizo ya ugonjwa haitoshi kodi ya nyumba, na mtu ananiandikia nimepata pesa.

Mpaka leo kukiwa na baridi naamka na maumivu ya vidole. Madaktari wanasema baridi si sababu, mimi nawaambia vidole ni vyangu. Lakini chumba kilekile kikavu cha Leicester kinachoniuma ndicho kinachozitunza santuri, hazijaota hata doa. Na huku ninapopata nafuu mimi, zenyewe zinaoza. Nifanyeje?

Kuna aliyesema, peleka kwa meli, peleka nyingi, uweke mashine ya kukausha hewa. Nilijaribu 2022. Masanduku mawili ndani ya kontena la kuchangia. Wakala wa kunitolea mzigo bandarini akaniuliza ni bidhaa gani, nikasema sahani za santuri, kama tunavyosema sote. Akaandika sahani. Wamefungua, karatasi inasema vyombo vya meza, ndani mna miduara myeusi yenye tundu. Hapo ndipo maswali yakaanza. Thamani yake? Nikisema pauni 38 kwa moja, ushuru, VAT asilimia 16, na ada nyinginezo. Nikisema ni vitu vikuukuu, nionyeshe risiti. Risiti ya kitanda cha bibi wa Belgrave Road? Na storeji inahesabiwa kila siku wakati wao wanatafakari. Wimbo umeimbwa Mombasa, umeuzwa Mombasa, unarudi Mombasa unalipishwa kama mgeni.

Kijana mmoja, mwenye heshima kwa kweli, aliniambia: "Mama, iko njia. Anayerudi nyumbani kukaa huingiza vitu vyake vya matumizi bila ushuru. Unarudi moja kwa moja?"

Yakhe, nilinyamaza kwenye simu mpaka akadhani laini imekatika.

Maana kuna karatasi nyingine kabla ya hiyo. Pasi ya Uingereza niliichukua 2007, wakati huo ukiichukua ya kwao unaiacha ya Kenya. Katiba ya 2010 ikaruhusu zote mbili, lakini uliyepoteza lazima uombe urudishiwe. Nikaomba. Nikaulizwa cheti cha baba, nikaleta. Cha babu. Babu yangu kazaliwa hapa kabla hakujawa na mtu wa kuandika vyeti. Mtu wa Pwani mwenye jina kama langu analijua dirisha hilo, sitalieleza. Nimeupata uraia, lakini ulinichukua miaka mitatu na nauli mbili. Kwa hivyo mtu akiniuliza kwa simu, haraka, kama narudi moja kwa moja, sina jibu la haraka. Nilimwambia hapana. Nikalipa.

Masanduku yale yalikaa Mombasa wiki tano, nikaona mawingu ya mwaka, nikayarudisha Leicester. Ndiyo, nililipa tena. Chekeni.

Hayo ni yangu. Usiende ukamwambia mtu fulani kasema usirudishe vitu nyumbani. Pengine wewe una nyumba Nyali yenye AC, na risiti zako zimepangwa kwenye faili. Pengine hukuugua. Mimi nafanya ninaloliweza: nazihamisha kwenye kompyuta moja moja, siku vidole vikikubali, na anayetaka wimbo wa baba yake namtumia bure. Nimetuma mpaka Oman.

Safari hii nimekuja na moja tu, ya Zuhura Swaleh, mwimbaji wa taarab wa hapa Mombasa, na kinanda kidogo cha betri. Jana baada ya isha nikampigia Mama. Ilipoanza tashkota, ile ala ya nyuzi, akaacha kuchambua mchele. Katikati ya wimbo akainua kidole akasema, "Huyo anayepiga kigelegele, tulikuwa naye kwenye ngoma ya lelemama." Nikamwambia, Mama, hapana kigelegele hapo, ni santuri inakwaruza. Akanitazama vile mnavyojua akina mama wanavyotazama. Nikairudisha sindano. Tukasikiliza tena. Sisemi kitu.

Asubuhi nimeitafuta santuri niifunge, siioni. Ameiweka kwenye sanduku lake, katikati ya leso, na karafuu na vijiti vya udi juu yake. Nimemwambia itaota koga. Amesema yeye ameishi na koga miaka 81.

Tiketi yangu ni ya Jumatano. Yule aliyeuliza bei ya hiki kinanda cha betri, ni pauni 45, mitumba, na sikuuzii. Ngojeni, naitwa chini. Nafikiri ni ule mfuniko wa pipa.