Joto hutangulia, chumvi huchelewa: maji ya chumvi yanavyoganda

Chombo kilicho mbele yenu kina gramu 35 za chumvi ndani ya gramu 965 za maji. Maji yalichemshwa kwanza ili hewa itoke, la sivyo viputo vingejaa kwenye barafu na tusingeona kitu. Ubavuni tumezungushia sponji nene. Baridi inaingilia chini tu, kupitia bamba la shaba.

Mmumunyo huu huanza kuganda kwenye nyuzi -2.1. Hata hivyo kipimajoto kinaweza kushuka hadi -5 na barafu isionekane, kisha kikaruka juu ghafla. Msikimbilie kulaumu kifaa. Maji yalikosa pa kuanzia fuwele. Yalipopata, kila gramu iliyoganda ikatoa juli 334 za joto na kuyapasha yaliyobaki. Dawa yake ni chembe ya barafu: idondosheni joto likipita -2.1 kidogo tu.

Joto linalotolewa na maji yanapoganda lazima lipite kwenye barafu iliyokwisha kuota ndipo lifike kwenye bamba, na barafu ikinenepa njia inarefuka. Kwa maji yasiyo na chumvi, bamba likiwa nyuzi -10, sentimita ya kwanza huchukua dakika 12 hivi. Kufikia ya pili ni dakika 46 tangu mwanzo. Unene mara mbili, muda mara nne.

Sasa tuje kwenye chumvi, maana hapa ndipo penye utamu. Fuwele ya barafu haina nafasi ya chumvi, kwa hiyo huisukuma mbele yake. Majini, joto husambaa kwa kasi ya takriban mara 200 kuliko chumvi. Chumvi inarundikana mlangoni mwa barafu, wakati baridi imeshapenya mbali zaidi. Mbele kidogo ya rundo hilo kuna maji yenye chumvi pungufu ambayo yamepoa kupita kiwango chake cha kuganda, ila bado ni maji. Kinundu chochote cha barafu kikichomoza kinayafikia, nacho kinakua haraka kuliko jirani zake. Uso uliokuwa bapa unageuka msitu wa vibapa vyembamba, na maji makali ya chumvi yananasa katikati. Tieni tone la rangi ya chakula mtaona mistari yake, kwa sababu rangi nayo hufukuzwa.

Ndiyo maana barafu hii ni laini na hulowa. Kwenye nyuzi -10, katika kilo yetu moja, barafu ni gramu 750 hivi. Gramu 250 zingali maji yenye chumvi asilimia 14. Mabaki hayo hayagandi yote mpaka -21.1, yakiwa na chumvi asilimia 23.3.

Mkitaka barafu yenye chumvi kidogo, punguzeni kasi ya kupoza na mkoroge maji mbele ya barafu. Friza kali bila kukoroga hufungia chumvi ndani.