Mashine Pepe Ikigoma Kuhama: Tuanzie Wapi?

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wetu, ndugu wasimamizi wa mifumo wa hapa Arusha na ninyi mliopanda gari alfajiri kutoka Moshi: wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Najua wengi mliomo humu mnatunza seva mbili au tatu zilizobanana kwenye chumba kimoja, iwe hospitalini, kwenye SACCOS, hotelini au kampuni ya utalii. Seva moja inatakiwa kuzimwa ili iongezwe memori, lakini mfumo wa kuweka nafasi za wageni hauwezi kusimama, maana ni Julai na ndege zinashusha watu KIA kila siku. Mfumo huo unaendeshwa ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya seva. Basi mnaihamishia mashine hiyo kwenye seva ya pili huku inaendelea kufanya kazi. Inakwenda, inakwenda, inagoma. Mtu anabonyeza tena. Ikigoma mara ya pili, anaziwasha upya seva zote mbili.

Naomba tabia hiyo tuiache. Mashine ikigoma kuhama, maana yake kuna tofauti kati ya seva mbili ambazo sisi tulizichukulia kuwa sawa. Kazi yetu ni kuitafuta tofauti hiyo, na mahali uhamisho ulipokwamia ndipo panapotuonyesha pa kuanzia.

Tukumbushane kinachotokea. Diski ikiwa iko kwenye hifadhi ya pamoja inayofikiwa na seva zote mbili, haihami; kinachohama ni memori. Memori imegawanywa katika kurasa. Raundi ya kwanza inanakili kurasa zote, lakini wakati huohuo mashine inaendelea kuziandika upya baadhi yake. Raundi ya pili inanakili zilizobadilika, ya tatu vivyo hivyo, hadi zibaki chache. Hapo mashine inasimamishwa kidogo, mabaki yanavushwa, nayo inaamka upande wa pili. Mwaka 2005 watafiti wa Cambridge na Copenhagen, wakitumia haipaviza ya Xen, yaani programu ya seva inayoendesha mashine pepe, walionyesha kwamba kusimama huko kunaweza kushuka hadi milisekunde 60.

Sasa tupige hesabu. Waya wa gigabiti 1 kwa sekunde unapitisha kama megabaiti 110 kwa sekunde. Mashine yenye memori ya gigabaiti 32 itachukua takriban dakika tano kwa raundi ya kwanza peke yake. Kama ndani yake kuna hifadhidata inayobadilisha megabaiti 120 kila sekunde, uhamisho huo hautaisha hata ukiuacha mpaka kesho, kwa sababu kurasa zinabadilika haraka kuliko waya unavyozivusha. Dalili yake ni kwamba kiasi kilichobaki kinapungua, halafu kinapanda tena. Kwenye KVM, haipaviza ya Linux, mtaiona kwa amri ya virsh domjobinfo. Hapa hakuna kilichoharibika, kwa hiyo msiguse mipangilio ya prosesa wala ya diski. Hamisheni usiku watu wakiwa wameacha kuingiza data, au tengeni waya maalumu wa uhamisho, ikiwezekana wa gigabiti 10. KVM pia inaweza kuipunguzia mashine kasi ya prosesa kwa makusudi ili ibadilishe kurasa chache. Mimi siipendi sana njia hiyo, kwa sababu watumiaji ndio wanaoumia. Ningependelea kuongeza muda unaoruhusiwa wa kusimama: kwa kawaida QEMU, programu inayofanya kazi pamoja na KVM, inaruhusu milisekunde 300, lakini ukiweka sekunde moja nzima sidhani kama kuna mhasibu atakayeigundua.

Ikikataa papo hapo, hata raundi ya kwanza haijaanza, hilo ni jambo lingine. Angalieni prosesa. Sisi hapa tunanunua seva mojamoja kadiri bajeti inavyoruhusu, kwa hiyo ya mwaka huu haifanani na ya miaka sita iliyopita. Mfumo ulio ndani ya mashine pepe huiuliza prosesa uwezo wake wakati wa kuwaka, kisha unautegemea. Ukiupeleka kwenye prosesa isiyo na uwezo huo, utaita amri isiyokuwepo na kufa. Ndiyo maana haipaviza inakataa mapema. Kutoka Intel kwenda AMD mashine ikiwa hai, msihangaike; izimeni kwanza.

Kuna hali inayowachanganya wengi: mashine ilihama vizuri kutoka seva ya zamani kwenda mpya, ikawashwa upya ikiwa huko, sasa imekataa kurudi. Ilipowaka huko iliona uwezo mpya na kuushika. Dawa ni kuifungia mashine kwenye kiwango cha prosesa iliyo dhaifu kuliko zote, tangu mwanzo. Haipaviza ya VMware inaita EVC, Hyper-V ya Microsoft ina mpangilio wake wa ulinganifu wa prosesa, na kwenye KVM unataja modeli ya prosesa badala ya host-passthrough, inayoipa mashine uwezo wote wa prosesa ya seva.

Mengine yanayozuia uhamisho nayapitia haraka. Faili la ISO, yaani nakala ya CD, lililosahaulika kwenye CD ya mashine, wakati faili lenyewe liko kwenye diski ya seva moja tu. Kifaa cha USB cha leseni ya programu ya uhasibu, kilichochomekwa kwenye seva moja. Swichi pepe za Hyper-V zenye majina yanayotofautiana hata kwa herufi moja. Saa za seva kupishana zaidi ya dakika tano, ambapo Kerberos, mfumo wa kuthibitisha utambulisho, kwa kawaida itakataa.

Kuna kukwama kunakofanana na msongamano wa kurasa, kumbe ni ukubwa wa paketi. Upande mmoja umewekewa MTU, yaani ukubwa wa juu wa paketi, ya baiti 9000, swichi iliyo katikati imebaki 1500. Ping ya kawaida, jaribio la kuona kama upande wa pili unajibu, inapita, muunganiko unafunguka, halafu data ikianza kumiminika kila kitu kinaganda. Pimeni kwa paketi kubwa isiyoruhusiwa kukatwa: kwenye Linux ni ping -M do -s 8972. Namba hiyo ni 9000 ukitoa baiti 28 za vichwa vya paketi. Isipopita, tatizo mmelipata.

Halafu kuna uhamisho uliofanikiwa kwa asilimia mia, na bado simu inalia: mfumo haufunguki. Mashine iko hai kabisa, ila hakuna anayeifikia. Mara nyingi VLAN yake, yaani mtandao uliotengwa ndani ya swichi, haijaruhusiwa kwenye poti ya swichi inayokwenda seva ya pili, au swichi ina ulinzi wa poti na imeona anwani ya MAC (ya kadi ya mtandao) ileile ikitokea mahali pengine, ikaizuia. Ingieni kwenye konsoli ya mashine mjaribu ping kwenda kwenye geti, yaani mlango wa kutokea mtandaoni, kisha msome jedwali la MAC la swichi. Kuiwasha upya mashine hakutasaidia.

Nililotaka mlishike kuliko yote ni hili. Kwa njia ya raundi niliyoeleza, uhamisho ukikatika katikati, mashine ya awali bado ni nzima. Kuughairi ni salama. Kuna njia nyingine, ambapo mashine inaamka kwanza upande wa pili na kurasa zinafuata baadaye; huko mtandao ukikatika, hali ya mashine imegawanyika na huenda ikabidi iwashwe upya. Jueni mnatumia ipi. Na kamwe msiiwashe kwa mkono kwenye seva ya pili kabla ya kuhakikisha ya kwanza imezimwa kweli. Mashine mbili zikiandika kwenye diski moja, akiba za wanachama wa SACCOS zinaharibika ndani ya dakika chache. Vilevile libvirt, programu ya kusimamia KVM, ikikataa kwa sababu ya kashe ya diski (memori ya muda ya data za diski), msiweke neno --unsafe ili ipite. Badilisheni kashe iwe none.

Ndiyo, dada hapo nyuma, karibu.

Anauliza kuhusu kutoka VMware kwenda KVM, maana tangu Broadcom ilipoinunua VMware mwaka 2023 leseni za kudumu haziuzwi tena. Dada, haipaviza zikitofautiana hivyo, mashine haihami ikiwa hai. Weka draiva za virtio, za diski na mtandao wa KVM, ndani ya Windows ikiwa bado VMware, la sivyo itakuja kugoma kuwaka kwa kukosa diski. Andika anwani zake za IP, maana kadi ya mtandao itakuwa mpya. Futa snapshoti, yaani nakala za hali ya mashine, izime, kisha geuza diski kwa qemu-img convert. Hakikisha kama ilikuwa inawaka kwa BIOS au UEFI, njia mbili za kuwasha kompyuta, na uiundie hivyohivyo. Ile ya zamani ibaki imezimwa, usiifute, mpaka watumiaji wafunge hesabu za mwezi mmoja kwenye mpya.